Zamu Haipangwi Mezani

Umeenea msemo maofisini, na hata katika vyumba vya walimu, kwamba kitu cha wote hakina mwenyewe. Gari la idara likiharibika, msemo huo hutajwa. Vitabu vya shule vikipotea, hutajwa tena. Mfereji wa kijiji ukikauka kabla ya kufika mashamba ya mwisho, wasomi hutikisa vichwa na kuurudia kana kwamba ni sheria ya maumbile. Tena hawaishii hapo. Hutoa dawa mbili tu: ama kitu hicho apewe mtu mmoja kiwe mali yake, ama akabidhiwe ofisa mmoja mwenye muhuri awapangie wengine nani atumie, lini, na kwa muda gani.

Msemo huu ni wa hatari. Unawavua wananchi uwezo ambao wamekuwa nao kwa karne nyingi, yaani uwezo wa kukaa pamoja, kukitazama kilicho kichache, na kupangiana zamu. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba hauzuii uharibifu unaodai kuuzuia. Mara nyingi huuleta.

Ni vema kwanza kujua ulikotoka, kwa maana umevishwa joho la elimu. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, alichapisha makala mashuhuri katika jarida la Science. Aliwataka wasomaji wafikirie malisho yaliyo wazi kwa kila mtu. Kila mchungaji hupiga hesabu yake. Akiongeza ng'ombe mmoja, faida yote ni yake. Lakini hasara ya nyasi kuliwa inagawanywa kwa wote. Basi huongeza wa pili na wa tatu, na jirani yake hufanya vivyo hivyo, mpaka malisho yanageuka vumbi. Kwa Hardin, wokovu ulikuwa ama katika umilikaji wa watu binafsi, ama katika sheria na shuruti. Makala hiyo imefundishwa katika vyuo vikuu vya dunia kwa zaidi ya nusu karne, na wengi walioisoma wamekuwa wapangaji wa mipango, washauri wa wizara na wakopeshaji wa nchi maskini.

Lakini itazamwe hoja yenyewe. Wachungaji wa Hardin ni watu wa namna gani? Ni mabubu. Wanakutana malishoni kila siku, wanaona nyasi zikiisha, na hakuna hata mmoja anayefungua kinywa kumwambia mwenzake, "Ndugu yangu, tukae tuzungumze." Wafugaji wa namna hiyo hawapo Umasaini, hawapo Usukumani, wala hawapo mahali popote penye wafugaji wa kweli. Hardin mwenyewe alikuja kukiri katika miaka ya 1990 kwamba alipaswa kueleza wazi kuwa habari yake ilihusu malisho yasiyo na utaratibu. Marekebisho hayo hayakusikika sana. Msemo ulikwisha kushika mizizi.

Aliyeivunja hoja hiyo kwa ushahidi ni mwanamke mmoja, Elinor Ostrom, profesa wa Chuo Kikuu cha Indiana. Badala ya kuwaza juu ya malisho ya kufikirika, alikusanya habari za mahali halisi ambapo watu wanatumia pamoja misitu, maji, malisho na maeneo ya uvuvi. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1990, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hakusema kwamba watu hufaulu kila mara. Aliorodhesha waliofaulu na walioshindwa, kisha akauliza ni nini kilichowatenganisha.

Mojawapo ya mifano yake ni wavuvi wa Alanya, katika pwani ya kusini ya Uturuki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wavuvi hao, wapatao mia moja, walikuwa katika balaa. Kila mmoja alikimbilia pale penye samaki wengi. Nyavu ziliingiliana, na ugomvi ukafikia watu kupigana. Hakutumwa ofisa kutoka mji mkuu kuwapangia. Wavuvi wenyewe, kupitia chama chao cha ushirika, walijaribu utaratibu huu na ule kwa takriban miaka kumi, wakirekebisha makosa, mpaka wakapata utaratibu uliosimama. Kila Septemba waliandika orodha ya wavuvi wanaostahili. Waliorodhesha maeneo yote ya kuvulia kwa majina yake, yakiwa mbalimbali kiasi cha kutozuiliana samaki. Kisha walipiga kura ya bahati, kila mmoja akapata eneo la kuanzia. Kuanzia Septemba hadi Januari kila mvuvi alihama kila siku eneo moja kuelekea mashariki. Baada ya Januari, eneo moja kila siku kuelekea magharibi, kwa kuwa samaki nao huhama.

Busara ya utaratibu huo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kila mvuvi hupitia eneo zuri na eneo baya, kwa hiyo hakuna aliyetajirika kwa kupewa upendeleo wala aliyefukarika kwa kunyimwa. Lakini lililo kubwa zaidi ni ulinzi. Mvuvi ambaye leo ni zamu yake katika eneo lenye samaki tele hafiki huko amechelewa. Akimkuta mwingine amekwisha tega, anamjua ni nani, na wenzake wote watakuwa upande wake kwa sababu kesho au keshokutwa eneo hilo litakuwa lao. Hapakuwa na haja ya mlinzi wa mshahara. Nakala ya orodha iliwekwa kwa meya na kwa askari wa mji, wajue kilichokubaliwa. Na migogoro michache iliyotokea ilimalizwa katika mkahawa wa kahawa.

Hilo ndilo jambo ambalo wapenda mihuri hawalielewi. Zamu hailindwi na karatasi ilikoandikwa. Inalindwa na yule anayengoja. Kama anayengoja alishiriki kuipanga, anaijua, na anaweza kuiona ikivunjwa, zamu itasimama hata usiku wa manane. Kama ilipangwa mbali naye, kwa hesabu asizozijua, hatakuwa na sababu ya kuilinda, na yule wa mbele yake hatakuwa na haya ya kuivunja.

Wapo watakaosema kwamba huo ni uvuvi wa mji mmoja mdogo, na kwamba mambo makubwa huhitaji wataalamu. Hao na watazame yaliyotokea katika kisiwa cha Bali, nchini Indonesia. Huko wakulima wa mpunga wamejiunga kwa karne nyingi katika vyama vya maji viitwavyo subak. Wakulima wa subak moja hushiriki mfereji, na wawakilishi wa subak nyingi hukutana katika mahekalu ya maji kupatana nani apande lini na nani apumzishe shamba lini. Miaka ya 1970 Serikali ya nchi hiyo, ikitaka taifa lijitosheleze kwa chakula, iliwahimiza wakulima kupanda mbegu mpya mara nyingi kadiri walivyoweza, bila kungoja kalenda ya mahekalu. Nia ilikuwa njema. Wataalamu walikuwa wamesoma. Hata hivyo, baada ya misimu michache maji yakawa ya kugombaniwa, na panya, wadudu na magonjwa ya mpunga yakaongezeka na kuteketeza mavuno.

Wataalamu walikuwa wameiona kalenda ya mahekalu kama desturi ya dini tu. Hawakujua kuwa ilikuwa inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Bonde zima likipanda siku moja, maji hayatoshi. Kila mtu akipanda siku yake, wadudu hawakosi chakula hata mwezi mmoja, na hivyo hawafi. Kwa hiyo majirani wa karibu walipanda na kuvuna pamoja, wakayaacha mashamba yao matupu kwa pamoja ili wadudu wafe njaa, huku makundi ya mbali yakipanda kwa nyakati tofauti ili maji yatoshe. Na hapo ndipo lilipojibiwa swali gumu kuliko yote: kwa nini mkulima wa juu, mwenye maji tele, akubali kumwachia wa chini? Ni kwa sababu wa chini akipanda kwa wakati wake mwenyewe, wadudu watatoka kwake na kupanda juu. Maji hushuka, wadudu hupanda. Basi wote wawili wana sababu ya kupatana.

Mwaka 1993 mwanaanthropolojia J. Stephen Lansing na mwanaikolojia James Kremer walichapisha matokeo ya kuziingiza subak 172 za mito ya Oos na Petanu katika kompyuta. Walipoziacha katika kompyuta ziigane zile zilizopata mavuno bora, mpangilio uliojitokeza ulikaribia ule wa mahekalu. Wakulima walikuwa wamekwisha kuurudia tangu katikati ya miaka ya 1980, bila kungoja kompyuta.

Mtanzania asidhani kuwa haya ni mambo ya ng'ambo. Katika Bonde la Usangu, chanzo cha maji ya Mto Ruaha Mkuu, wananchi hulima mpunga kwa mifereji. Chini yao iko Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na chini zaidi yako mabwawa ya Mtera na Kidatu, yenye mitambo ya megawati 80 na 204, iliyokuwa tegemeo kubwa la umeme wa taifa katika miaka ya 1990. Tangu mwaka 1993 mto huo ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakarundikana katika vidimbwi vya matope. Kila upande ulimnyoshea mwenzake kidole. Mkulima alimlaumu mfugaji, mfugaji alimlaumu mkulima, na wote walilaumiwa na wenye mitambo.

Wakati huo maji yaligawiwa kwa haki za kutumia maji zilizotolewa chini ya sheria ya mwaka 1974, nazo ziliandikwa kwa kiasi maalumu cha maji. Kwenye karatasi jambo hilo ni safi. Mtoni ni balaa. Chukua mfano mwepesi: mwenye haki ya lita 200 kwa sekunde huchukua sehemu ya tano ya mto wenye lita 1,000 wakati wa masika. Mto huo ukishuka kiangazi hadi lita 200, karatasi ile ile inamruhusu kuuchukua wote, na aliye chini yake abaki na mchanga. Mabanio ya zamani ya miti na mawe yalikuwa yakivuja, na uvujaji huo ndio uliokuwa riziki ya wa chini. Yalipojengwa ya zege katika baadhi ya skimu, yakasifiwa kwa kutopoteza maji, hakuna aliyemuuliza wa chini hayo yaliyokuwa "yakipotea" yalikuwa yakienda kwa nani.

Wakulima waliozoea kugawana hawasemi, "Wewe chukua lita kadhaa." Husema, "Wewe nusu na mimi nusu," au, "Wewe mchana na mimi usiku." Mto ukipungua, fungu la kila mmoja hupungua, na hakuna anayefutwa. Hesabu hiyo haihitaji kipimo ambacho kijiji hakina. Inahitaji macho tu.

Wachaga wa mteremko wa Kilimanjaro wamekuwa na mamia ya mifereji, iitwayo mifongo, tangu kabla ya wamisionari wa kwanza kufika huko mwaka 1848. Ukoo uliochimba ulisimamia. Wengine walipata zamu kwa kushiriki kazi. Na asiyejitokeza siku ya kuzibua na kukarabati mfereji alitozwa faini au alinyimwa maji. Zamu na jasho viliandamana. Hapakuwa na msemo kwamba mfereji hauna mwenyewe, kwa sababu kila aliyekunywa maji yake alikuwa na jembe lake ndani yake.

Lakini yasisemwe mambo ya kupamba. Mabaraza ya jadi nayo yalikuwa na dhuluma zake. Katika mifongo hiyo hiyo, kwa desturi wanawake hawakuwa na sauti barazani, ingawa ndio waliolima sehemu kubwa ya mashamba. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na wazee waliopanga zamu hawakuwa malaika. Mwenye nguvu wa kijiji anaweza kulivaa baraza kama koti lake. Kwa hiyo yule anayedai kwamba Serikali ijitoe kabisa na kuwaachia wananchi naye anawadanganya. Anayetaka Serikali iondoke mara nyingi ni yule yule aliye juu ya mfereji.

Kazi ya ofisa basi ipo, tena ni kubwa, ila si ile anayopenda kuifanya. Anachopenda ni umangimeza: kuketi, kuchora miraba, kujaza majina, kupiga muhuri, na kubandika ratiba ukutani. Ratiba hiyo humpa kila mkulima saa sita na kuonekana ya haki kabisa. Lakini anayelima mwisho wa mfereji anajua kwamba udongo hunywa kwanza. Maji yake husafiri njia ndefu. Saa zake sita huanza kuhesabiwa mfereji ukiwa mkavu, na yakifika amebakiwa na nne. Ratiba haijui kwamba zamu ya saa nane za usiku, anapopewa mjane anayeishi mbali na shamba, si zamu bali ni adhabu. Mambo hayo hayamo katika faili. Yamo katika vichwa vya watu ambao hawakuitwa kikaoni, na asiyekuwepo na lake halipo.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Hilo ni jambo jema. Lakini jumuiya inayoitwa kutia sahihi ratiba iliyokwisha chapwa ni muhuri mwingine tu, safari hii wa dole gumba. Jumuiya ya kweli ina orodha ya wanachama inayojulikana, wa juu na wa chini, wanaume na wanawake. Inapanga kanuni zake yenyewe na kuzibadili mvua zinapobadilika. Mlinzi wa banio huteuliwa nayo na huweza kuondolewa nayo. Anayekosa mara ya kwanza huonywa na hutozwa kidogo, na adhabu hukua kadiri anavyorudia.

Zaidi ya yote, jumuiya hiyo ina mahali pa kumaliza ugomvi upesi. Katika jiji la Valencia, Hispania, Baraza la Maji hukutana kila Alhamisi saa sita mchana mbele ya mlango wa kanisa kuu. Waamuzi wake wanane ni wakulima waliochaguliwa, mmoja kwa kila mfereji. Kesi husikilizwa kwa mdomo, na hukumu hutolewa papo hapo. Mpunga haungojei kesi iahirishwe mara saba. Na hukumu ya baraza hilo inatambuliwa na dola. Hapo ndipo mahali pa Serikali: kusimama nyuma ya neno la wananchi, kumlinda mnyonge asifukuzwe barazani, kupima mto na kutoa hesabu zake kwa wote, na kuwakutanisha wale ambao mto unawaunganisha lakini umbali unawatenganisha, kama mkulima wa Usangu na fundi wa Kidatu.

Watumishi wa umma na walimu wasiseme kwamba haya ni ya wakulima. Mwalimu mkuu anayejifungia ofisini kuandika ratiba ya vipindi, kisha akashangaa kwa nini maabara moja inagombaniwa na madarasa mawili, ni ndugu wa ofisa wa banio. Mkuu wa idara anayempa gari anayempenda, kisha akalalamika kwamba watumishi hawalitunzi gari la umma, ameling'oa mwenyewe jicho ambalo lingelilinda. Mali bila daftari hupotea bila habari; lakini daftari linalofungiwa katika kabati la mtu mmoja ni sawa na kutokuwapo. Daftari la zamu na liwe mezani mwa wote, liandikwe na wanaongoja, lisomwe na wanaongoja.

Kitu cha wote kina wenyewe. Wenyewe ni wote, nao wana majina, wana macho, na wana midomo. Anayetaka kupanga zamu na aanze kwa kuwaita, na mwenye shamba la mwisho wa mfereji awe wa kwanza kuzungumza.